Daktari Guislain na Wagonjwa wa Huzuni

Huko Mokambo, karibu na mpaka wa Zambia, kama katika vijiji vingine vingi, hutokea mtu mzima akaacha jembe lake, akakaa kimya, hali wala halali. Mmoja asema ni mvivu, mwingine asema amerogwa, na rafiki hupungua mlangoni pake. Mtu wa namna hiyo akipelekwa Lubumbashi, huko ipo hospitali ya Mabruda wa Mapendo yenye jina la Joseph Guislain.

Guislain alizaliwa Gent, katika Ubelgiji ya leo, tarehe 2 Februari 1797. Akasoma utabibu, akahitimu mwaka 1819. Siku zile Ulaya nako wenye ugonjwa wa akili walidharauliwa mno. Wanaume wa Gent walifungwa minyororo chini ya ngome ya kale, mpaka Padri Petrus Jozef Triest na Mabruda wake walipowatoa mwaka 1815. Mwaka 1828 Guislain akawekwa kuwa tabibu mkuu wa wagonjwa hao. Yeye na Padri Triest wakatunga sheria za nyumba: usafi, kazi za mikono, na upole.

Si kwamba upole huo alizaliwa nao. Katika kitabu chake cha mwaka 1826 mna mchoro wa kizimba cha kumtumbukiza mgonjwa majini ghafula, ili hofu imrudishie akili. Ndivyo walivyodhani matabibu wengi wa wakati ule. Kukaa na wagonjwa kulimfundisha mengine. Katika masomo yake, yaliyochapwa mwaka 1852, alieleza kwamba ugonjwa wa akili mara nyingi huanza kwa maumivu ya moyo: msiba, hasara, hofu, aibu. Tena alitambua huzuni isiyoondoa akili. Mgonjwa wake ajua alipo, ajibu sawasawa, lakini amelemewa. Huyo ndiye watu humlaumu kuliko wote, kwa kuwa hana jeraha la kuonyesha. Humwambia ainuke tu. Guislain alimhesabu kuwa mgonjwa kweli, kama mwenye homa.

Hospitali mpya aliyoitamani, yenye nyua na bustani, ilifunguliwa Gent mwaka 1857. Akafariki tarehe 1 Aprili 1860. Mwaka 1887 mji ukamsimamishia sanamu, na karibu naye yupo mwanamke aliyefunguliwa minyororo.