Pierre Brichard, Mjuzi wa Samaki wa Tanganyika

Tulipozungumzia maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kututangulia, mara nyingi tuliwaletea habari za majemadari na waasisi wa mataifa. Leo tumeonelea tumsimulie mtu ambaye jina lake hutajwa sana na wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya, Marekani na Japani, lakini hapa Kamenge, kilomita chache tu kutoka ufukweni mwa ziwa, wanaolitambua ni wachache. Mtu huyo ni hayati Pierre Brichard, aliyefanya kazi Bujumbura kwa miaka karibu ishirini na kufariki mwaka 1990.

Huenda askari akauliza, habari za samaki wa kwenye kioo zinatuhusu nini sisi? Zinatuhusu kwa sababu tunawafuga. Tumeyaona matangi ya kioo katika mabwalo ya maofisa na katika sebule za wenzetu waliostaafu, na tumeona pia jinsi samaki wanavyokufa mmoja mmoja ndani yake huku mwenyewe akisema kwamba ni bahati mbaya, kisha akatafuta wengine waje wafe vilevile. Katika mambo hayo bahati ina sehemu ndogo mno.

Brichard alikuwa Mbelgiji. Katika miaka ya 1950 aliishi Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa, akifanya biashara ya kukamata samaki wadogo wa Mto Kongo na kuwapeleka Ulaya kwa ndege, wakiwa hai. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye maporomoko yaliyo chini ya mji huo, mahali ambapo maji hukimbia kwa nguvu kati ya majabali na samaki huishi kwa kujibanza chini ya mawe. Samaki wa huko walimfikia Profesa Max Poll wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa samaki wa Afrika ya Kati wakati huo. Mwaka 1959 Profesa Poll aliwapa wawili kati yao jina la Brichard: mmoja ni Teleogramma brichardi, na wa pili, jamaa ya gogogo, ni Synodontis brichardi. Ni heshima isiyo ndogo kwa mchuuzi wa samaki.

Mwaka 1971 alianzisha kituo chake hapa Bujumbura, kikaitwa Fishes of Burundi. Alikuja mahali panapostahili. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, na ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa siklidi ambao karibu wote hawapatikani popote pengine duniani. Sisi tunaokula ndagala na mukeke hatuwajali sana hawa, maana wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Hawakai katika maji ya mchanga na matope yaliyo mbele ya mji wetu na kwenye milango ya Rusizi. Makao yao yako kwenye majabali: kusini kuelekea Magara, Minago na Nyanza-Lac, na ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, kwenye mawe ya Luhanga, Pemba na Bemba.

Hapo ndipo tofauti yake na wachuuzi wengine ilipodhihirika. Brichard hakungoja samaki waletwe ufukweni ndani ya ndoo. Alizama mwenyewe, akiwa na mtungi wa hewa mgongoni, akawatazama wakila, wakigombana, wakilinda mayai na wakiwakimbia adui zao. Aliyekwisha kumwona samaki mzima katika makao yake hahitaji darubini kumtambua yule mgonjwa. Humjua kama sajini wa kikosi anavyomjua askari aliyeamka na homa kabla hata hajafungua kinywa. Samaki mzima hushika mahali pake, hukunjua mapezi, hupumua kwa utaratibu, na huja mbele akionyeshwa chakula. Anayejitenga pembeni na kubana mapezi, au anayejisugua kwenye mawe na kutema chakula alichokwisha kukiingiza mdomoni, huyo ameanza kuugua, hata kama mwili wake hauna doa.

Maradhi ya kwanza humpata samaki siku ile ile anapokamatwa, na mwenye kuyaleta ni mkamataji. Siklidi ana kibofu cha hewa tumboni kinachomwezesha kuelea bila kuzama wala kupaa, na kibofu hicho hakina njia ya kutolea hewa haraka kupitia kooni. Kila mita 10 za kina huongeza mkandamizo mwingine sawa na ule wa hewa tunayoivuta juu ya nchi kavu. Kwa hiyo samaki aliyepandishwa ghafla kutoka mita 30 hutoka penye mkandamizo wa mara nne na kufika penye wa mara moja tu, na hewa iliyomo kibofuni hutaka kutanuka mara nne. Tumbo huvimba, macho hutokeza, matumbo husukumwa nje, naye huelea juu chini akiwa kama amekufa. Ndiyo sababu wapiga mbizi wa kazi hii huwatia samaki ndani ya vizimba, wakawapandisha kwa vituo, na kuwaacha katika kila kituo wapumzike mpaka miili yao iipunguze hewa hiyo yenyewe. Yule mkubwa mwenye kinundu kipajini na milia myeusi, aitwaye Cyphotilapia frontosa, hukaa chini sana, na kumpandisha huweza kuchukua siku kadhaa. Asiye na subira hufika juu na maiti.

Hapa tuseme jambo moja. Waliozama kila siku na nyavu walikuwemo wenyeji wa pwani hii, nao waliyajua mawe hayo kwa majina. Katika vitabu vya sayansi samaki wamebeba majina ya mabwana.

Akishafika kituoni samaki hupumzishwa, huchunguzwa, na hunyimwa chakula kwa siku chache kabla ya safari ili asichafue maji. Kisha hutiwa katika mfuko wa nailoni wenye maji kidogo na oksijeni nyingi, na mfuko huwekwa katika kasha linalozuia joto na baridi. Anayempokea naye ana wajibu wake, yaani kumweka mgeni katika tangi la peke yake kwa majuma kadhaa kabla ya kumchanganya na wenyeji. Jeshi linayajua hayo. Kuruta hapelekwi bwenini kabla daktari hajamwona.

Sasa tuje kwenye sumu inayoua samaki wengi zaidi kuliko kidudu chochote. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia kupitia matamvua yake, na amonia huwa ya namna mbili majini, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine sumu kali. Kinachoamua ni hali ya maji, ambayo wataalamu huipima kwa kipimo cha pH. Katika maji ya kawaida yenye pH 7 na joto la digrii 25, sehemu iliyo sumu haifiki hata moja katika mia. Maji ya Tanganyika hufikia karibu pH 9, na hapo sehemu hiyo huzidi theluthi moja. Maana yake ni kwamba uchafu ule ule ambao samaki wa mtoni angeuvumilia, humuua samaki wa Tanganyika kabla ya usiku kwisha.

Dalili zake ni kutweta karibu na uso wa maji, matamvua kuwa mekundu kama yaliyoungua, na samaki wote kuugua kwa wakati mmoja. Hilo la mwisho ndilo la kuzingatiwa, kwani maradhi ya kuambukiza huanza kwa mmoja au wawili. Wengi wetu hapo hukimbilia chupa ya dawa, nayo huzidisha balaa kwa kuua bakteria wema wanaoila amonia ndani ya chujio. Tiba ni kubadili sehemu kubwa ya maji mara moja, kusimamisha chakula na kuongeza hewa. Na tangi jipya lisijazwe samaki siku ya kwanza. Bakteria hao huhitaji majuma manne hadi sita kuota. Mkazi wa Kamenge ana nafuu ambayo mfugaji wa Berlin huinunua, maana maji ya bomba ya Bujumbura kwa sehemu kubwa hutoka katika ziwa hilohilo, hivyo hana haja ya kuyatia chumvi za kuyafananisha. Lakini yana klorini. Na yakae ndani ya pipa wazi, yakipigwa hewa, kwa siku nzima au zaidi, na sponji ya chujio isuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe, kamwe isisuuzwe bombani.

Ugonjwa wa madoa meupe unajulikana zaidi kwa sababu unaonekana. Mwili na mapezi huwa kana kwamba vimenyunyiziwa chumvi. Kimelea chake, Ichthyophthirius multifiliis, kilielezwa na Mfaransa Fouquet mwaka 1876, na mwenendo wake unafaa kufahamika na kila askari kwa kuwa ni mwenendo wa adui hodari. Akiwa chini ya ngozi ya samaki, dawa haimfikii. Akishiba huanguka chini, hujifunika, na hujigawa kuwa mamia ya wana, ambao huogelea wakitafuta samaki mwingine. Ni hao tu, katika saa hizo chache za kuogelea, wanaoweza kuuawa. Mwenye tangi akiona madoa yametoweka siku ya tatu, akaacha dawa akidhani ameshinda, kumbe adui yuko chini amejificha. Tiba iendelee angalau juma moja baada ya doa la mwisho. Chumvi ya gramu 2 hadi 3 kwa kila lita, ikiongezwa kidogo kidogo, husaidia sana. Iko pia dawa ya rangi iitwayo malakaiti kijani. Hiyo ni hatari kwa binadamu, na samaki aliyetibiwa nayo asiliwe abadani, wala maji yake yasimwagwe mtoni Ntahangwa.

Lakini maradhi yaliyowaliza wafugaji wa samaki wa Tanganyika kuliko yote ni kuvimba tumbo, hasa kwa jamii ya Tropheus. Tropheus ni samaki wa kukwangua mwani juu ya mawe mchana kutwa, na utumbo wake ni mrefu kupita urefu wa mwili wake mara nyingi, kama ilivyo kwa wanyama wanaokula majani. Wafugaji waliwalisha moyo wa ng'ombe na vyakula vinono, wakidhani wanawapendelea. Tena waliwafuga wawili wawili, ilhali Tropheus ni mkorofi. Wakiwa wachache, mbabe mmoja huwasumbua wenzake mpaka wafe, ila wakiwa kumi na wawili au zaidi ukorofi huo hugawanyika.

Samaki aliyedhoofishwa hivyo hushindwa na vimelea vya tumboni ambavyo siku zote alikuwa navyo. Kwanza huacha kula, kisha hutoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, hujitenga juu pembeni akipumua upesi, na mwisho tumbo hufura. Wakati wa kutibu ni ule wa kinyesi cheupe. Tumbo likishafura, wachache hupona. Dawa yake ni metronidazoli, ile ile ambayo wauguzi wa Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge huwapa wagonjwa wa amiba. Hutiwa miligramu 250 kwa kila lita 40 za maji, hubadilishwa nusu ya maji baada ya siku mbili na dawa hurudiwa, hadi mara tatu. Chakula kiwe kidogo na cha majani. Lengalenga iliyochemshwa kidogo hufaa.

Tuongeze onyo kwa wenye matangi. Iko kifua kikuu cha samaki, ambacho humkondesha na kumpinda mgongo. Bakteria wake huweza kuingia mkononi mwa mtu mwenye jeraha na kuleta vidonda visivyopona upesi, basi mwenye mchubuko asitie mkono majini.

Yale aliyoyaona chini ya maji Brichard aliyaandika. Mwaka 1978 kilitoka kitabu chake juu ya samaki wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1989 kingine chenye kurasa zaidi ya 500, vyote vikichapishwa Marekani. Hakuwa profesa, na wataalamu wamesahihisha baadhi ya mambo aliyoyaandika. Hata hivyo wafugaji wengi wa mbali walijifunza kutoka kwake kwamba samaki wa mawe anataka mawe, na mla mwani anataka mwani. Jina lake limezidi kuongezeka katika orodha za sayansi. Profesa Poll alimpa tena Chalinochromis brichardi mwaka 1974, na mwaka uliofuata akapatikana Tropheus brichardi.

Anayependwa kuliko wote ni Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina hilo pia mwaka 1974, samaki mwembamba wa rangi ya maziwa yenye kahawia, mwenye mkia kama mwezi mchanga, ambaye wafanyabiashara humwita Bintimfalme wa Burundi. Wana wakubwa wa samaki huyo hawaondoki nyumbani. Hubaki wakiwasaidia wazazi kuwalinda wadogo zao.

Brichard alifariki mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya kitabu chake kikubwa kutoka, na kazi ya kituo ikaendelezwa na binti yake. Kufikia wakati huo Bintimfalme wa Burundi alikuwa amekwisha kuzaliana ndani ya matangi ya Ulaya na Marekani kwa vizazi vingi, asiletwe tena kwa ndege.