Laennec, aliyelipa jina ini lenye makovu

Kwetu Sumbawanga, mtu akivimba tumbo huku mikono imekonda, swali la kwanza ni nani kamfanyia. Si ajabu, jina lenyewe la mji, kwa Kifipa, ni kutupa uchawi. Swali la pili ni alikuwa anakunywa wapi. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni sirosisi, na aliyelitoa jina hilo ni René Laennec, ambaye wengi tunamjua kwa kitu kingine kabisa: kile chombo wanachovaa shingoni wenzetu wa udaktari.

Alizaliwa Quimper, Ufaransa, mwaka 1781. Mama alifariki yeye akiwa na miaka mitano, baadaye akalelewa Nantes na ndugu wa baba yake, daktari. Mwaka 1816, hospitali ya Necker jijini Paris, aliona haya kuweka sikio kifuani kwa dada mmoja mnene mwenye maradhi ya moyo. Akaviringisha karatasi, akasikiliza, akausikia moyo vizuri kuliko zamani. Alikuwa mpiga filimbi, basi vile vya mbao akavikereza mwenyewe.

Kitabu chake cha 1819 ni cha kifua. Sirosisi imejificha kwenye tanbihi: mgonjwa alikuwa na maji tumboni, na baada ya kufa ini lake lilikutwa dogo, gumu, limejaa vinundu vya manjano. Laennec akachukua neno la Kigiriki la rangi hiyo. Ila alikosea, alidhani ni uvimbe mpya ulioota, kumbe ni ini lililojeruhiwa mpaka likajaa makovu. Na pombe ni sababu mojawapo tu. Homa ya ini B humfikisha hapo hata asiyewahi kuonja pombe ya ulezi, ndiyo maana watoto wa Tanzania huchanjwa tangu 2002. Kama hujui ulichanjwa au la, kapime.

Yeye alilitazama ini la maiti. Kumpima aliye hai kulisubiri Child na Turcotte wa Marekani, 1964, kisha Pugh na wenzake wa London, 1973, walioondoa hali ya lishe wakaweka muda wa damu kuganda. Mambo ni matano, kila moja alama 1 hadi 3: bilirubini, albumini, damu kuganda, maji tumboni, akili kuvurugika. Alama 5 au 6 ni daraja A. Kuanzia 10 ni C, na huko karibu nusu hawamalizi mwaka.

Hayo mawili ya mwisho, jamani, hata jirani anayaona. Anayesinzia mchana, akakesha usiku na kuongea ovyo, hajatupiwa kitu. Sumu ambazo ini lilishindwa kusafisha zimefika kwenye ubongo. Zile wiki za kuzunguka kwa waganga huenda ndizo alizotoka B akaingia C.

Laennec mwenyewe alirudi kwao Brittany mwaka 1826, amekonda, anakohoa. Akamwomba ndugu yake Mériadec amsikilize kifua kwa kile chombo, amwambie anachosikia. Kilikuwa kifua kikuu, na sauti zile alikuwa ameziandika mwenyewe kitabuni. Alifariki tarehe 13 Agosti, akiwa na miaka 45.