Bibi Katharine Cook, Mwalimu wa Wakunga

Twataka kuwaeleza habari za Bibi Katharine Cook, aliyewatumikia akina mama wa Uganda miaka 40.

Alizaliwa Uingereza, jina lake Katharine Timpson, akajifunza uuguzi katika hospitali ya Guy's huko London. Mwaka 1896 alisafiri pamoja na wamisionari wa CMS. Reli ilikuwa haijafika Uganda, kwa hiyo walitoka pwani kwa miguu, wakafika Mengo mwaka 1897. Hapo alifanya kazi pamoja na Daktari Albert Cook, nao wakaoana mwaka 1900. Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali yao, wakaijenga tena.

Lakini jambo moja lilimhuzunisha. Mama aliyefika Mengo alipata msaada. Bali aliyekaa mbali alijifungua pasipo mtu mwenye elimu hiyo, na wengi walipoteza watoto, hata uhai wao. Wageni wachache wangewezaje kufika kila mlango? Basi, baada ya vita vya 1914–1918, alianzisha chuo cha wakunga Mengo. Binti za nchi wakafundishwa, wakapelekwa kutumika vijijini. Yeye na mumewe wakatunga na kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Akafariki mwaka 1938, na kazi ikaendelea mikononi mwa wanafunzi wake.

Nasi tukaao milimani, toka Mbeya hata Iringa, twajua jinsi njia zilivyo ndefu wakati wa masika. Basi, ndugu wazee na waalimu, binti wa usharika akitaka kujifunza ukunga, tusimzuie. Tumsaidie aende, naye akirudi tumheshimu.