Gego la miaka 6 na daktari Angle

Umempeleka mtoto mwenye meno yaliyopandana kwa daktari wa kinywa na meno. Daktari anamwambia aume, anavuta shavu pembeni na kuchungulia magego. Unashangaa, maana wewe umekuja kwa ajili ya meno ya mbele. Aliyewafundisha madaktari kuanzia huko nyuma ni Mmarekani, Edward Angle.

Angle alizaliwa 1855 jimbo la Pennsylvania, akahitimu udaktari wa meno 1878. Enzi hizo kupanga meno kulikuwa kubahatisha: kila daktari na waya wake, na mara nyingi jino liling'olewa ili kupata nafasi. Mwaka 1899 Angle alichapisha utaratibu unaoanzia kwenye gego la kwanza la kudumu. Magego hayo, la juu na la chini, yakikutana vizuri lakini meno mengine yamebanana au kupinda, ni kundi la kwanza. La chini likirudi nyuma, ni kundi la pili. Wengi wenye meno ya juu yaliyochomoza wako humo. La chini likitangulia mbele, ni kundi la tatu. Mpaka leo madaktari huandika makundi hayo kwenye faili la mgonjwa.

Hapa nisimame kidogo, mzazi mwenzangu. Gego hilo huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Ndiyo maana wazazi hudhani nalo ni la utotoni. Likitoboka wanasema ling'olewe, litaota jingine. Halioti jingine, na meno ya jirani huweza kuinamia pengo. Uliza kwanza kama linaweza kuzibwa.

Mwaka 1900 Angle alifungua shule ya kupanga meno mjini St. Louis, na miaka ya 1920 akabuni kishikizo cha chuma chenye mfereji wa kupitisha waya wa pembe nne. Vyuma vingi vya leo vimetokana na hicho. Lakini alikuwa mbishi. Alishikilia kwamba meno yote hupangika bila kung'oa hata moja, na wenzake waliopinga aligombana nao. Alifariki 1930. Baadaye mwanafunzi wake, Charles Tweed, aliona meno ya baadhi ya wagonjwa wake hayakutulia, akawatibu upya kwa kung'oa magego madogo manne.

Kwa hiyo ukiambiwa mtoto ang'olewe meno ili apangwe, usikimbie wala usikubali papo hapo. Uliza yuko kundi gani, nafasi imepungua kiasi gani, na itakuwaje asipong'olewa. Anzia kliniki ya kinywa na meno ya hospitali ya wilaya au mkoa, mtoto akifika miaka 7 hivi, hata kama haumwi jino. Ikihitajika, omba rufaa kwa bingwa wa kupanga meno.