Mtakatifu Matias Mulumba, Baba wa Nyumba ya Sala

Yubile ya jimbo ni wakati wa kuwakumbuka waliotutangulia katika imani. Twawakumbuka maaskofu, mapadre, mabruda na masista, na ni haki yao kukumbukwa. Lakini dini haikuingia katika nchi zetu kwa mlango wa kanisa peke yake; iliingia pia kwa mlango wa nyumba. Kwa hiyo ni vema tusome habari za mtu mmoja aliyekuwa mume wa mke, baba wa watoto na mkubwa wa watu, ndiye Mtakatifu Matias Kalemba Mulumba, aliyeuawa kwa ajili ya dini katika nchi ya Buganda mwaka 1886. Miaka miwili tu baada ya kifo chake, mwaka 1888, wamisionari Wabenediktini walifika Pugu, karibu na mji wetu wa Dar es Salaam. Hivyo yeye ni kama kaka mkubwa kwetu sisi wana wa pwani.

UTOTO WAKE

Matias hakuzaliwa Mganda. Alizaliwa katika nchi ya Busoga, yapata mwaka 1836. Angali mtoto mdogo, askari wa Buganda waliivamia nchi yao, wakamteka yeye pamoja na mama yake, wakawapeleka utumwani. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana katika miaka ile ile watoto wengi wa bara waliletwa Bagamoyo na Unguja kwa njia hiyo hiyo ya machozi.

Lakini Mwenyezi Mungu hakumwacha. Mtoto aliangukia mikononi mwa mzee mmoja jina lake Magato, mtu wa heshima katika ukoo wa wakubwa wa Singo. Mzee huyu hakumtendea kama mtumwa. Alimpenda, akamlea kama mwanawe wa kumzaa, akampa nafasi katika ukoo wake.

Magato hakuwa Mkristu, wala hakupata kuwaona wamisionari. Hata hivyo alikuwa mtu wa kufikiri, na alipokuwa karibu kufa alimwachia mwanawe usia. Alimwambia ya kwamba siku moja watakuja watu wenye kufundisha njia ya kweli, na watakapokuja awasikilize. Mzee akafa, akazikwa, nchi ikaendelea na mambo yake. Lakini usia ule ulibaki moyoni mwa kijana, kama mbegu inavyokaa ardhini ikingoja mvua.

KUITAFUTA KWELI

Matias alikua, akapewa ukubwa katika nchi ya Singo chini ya Mukwenda, mtawala wa nchi hiyo. Alikuwa na mali, watumishi na wake kadha wa kadha, kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa. Walakini alikuwa bado akiyatafuta yale aliyoahidiwa na baba yake. Waarabu walipoleta dini yao, alidhani ndiyo aliyoambiwa, akaifuata kwa moyo mweupe. Baadaye akaja Alexander Mackay, mwalimu wa misioni ya Kiprotestanti. Matias akaenda kwake kujifunza. Mwaka 1879 wakaja Mapadre Weupe, nao Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, akawa kati ya wa kwanza kufika. Matias akawasikiliza hao nao, akapima maneno yao, na tarehe 31 Mei 1880 akaandikwa kuwa mkatekumeni. Tarehe 28 Mei 1882 alibatizwa, pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu.

Wakati ule alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi. Kwa mtu wa namna hiyo kubatizwa si kubadili jina tu. Aliwaacha wake wengine, akabaki na mmoja, jina lake Kikuvwa. Aliacha fahari ya ukubwa, akawa anatenda kazi kwa mikono yake. Wakubwa wenzake walimcheka, lakini yeye hakuona haya, maana alikuwa amekipata kile alichokitafuta tangu baba yake alipofariki.

NYUMBA ISIYO NA PADRE

Sasa tufike penye jambo kubwa katika maisha yake. Mwezi wa Novemba 1882, miezi michache tu baada ya ubatizo wa Matias, Mapadre Weupe walilazimika kuondoka Buganda kwa sababu ya hatari. Walivuka ziwa kwenda kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, karibu na Mwanza, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu Wakristu wa Buganda walikaa bila Misa, bila kitubio, bila padre wa kuwaongoza. Wengi wao walikuwa na ubatizo wa mwaka mmoja au miwili tu.

Mtu angeweza kusema dini ile itakwisha. Haikuisha, ilizidi. Kwa nini? Kwa sababu katika nyumba chache walikuwako watu waliopiga magoti. Katika mji mkuu alikuwako Yosefu Mukasa Balikudembe, na Andrea Kagwa. Huko Mityana, katika nchi ya Singo, walikuwako Matias na Luka, na baadaye Noa Mawagali. Nyumba ya Matias ikawa kanisa, na yeye baba wa nyumba akawa mwalimu. Asubuhi na jioni watu wa nyumbani mwake walisali pamoja. Majirani wakaja kusikiliza, nao wakajifunza, kisha wakaenda kuwafundisha wengine. Hawakuwa na vitabu vingi. Walikuwa na maneno waliyoyashika moyoni, na mfano wa baba yule.

Mapadre waliporudi, walikuta wasomaji wa dini kwa mamia. Kundi la Mityana lilikuja kuhesabiwa kufika watu 200 hivi. Toka Mityana mpaka misioni ni mwendo wa kilometa karibu 70, lakini Wakristu wale waliukata kwa miguu, wakienda kwa zamu kuhudhuria Misa ya Dominika. Waliorudi waliwapa wenzao mafundisho waliyoyasikia, ili mama mwenye mtoto mchanga na mzee asiyeweza kutembea wasikose chakula cha roho.

KIFO CHAKE

Kabaka Mutesa alikuwa amefariki mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa. Mwezi wa Mei 1886 hasira ya mfalme iliwaka juu ya Wakristu wote wa baraza lake, na amri ikafika mpaka Singo. Matias na Luka walikamatwa, wakatiwa katika mkatale, wakapelekwa mji mkuu.

Tarehe 27 Mei aliletwa mbele ya Katikiro, waziri mkuu wa mfalme. Katikiro akamdhihaki, akastaajabia mtu wa umri na cheo kama chake kufuata dini ya wageni, na kuwafukuza wake zake hata kubaki na mmoja. Akamwuliza ni nani basi ampikiaye chakula. Matias akajibu kwa upole, naye akauliza kama ameletwa pale kwa sababu ya wembamba wa mwili wake au kwa sababu ya dini yake. Hukumu ikatolewa. Walipokuwa wakipelekwa Namugongo, yeye aliona si lazima kutembea mbali kwenda kutafuta kifo. Akawaambia wamwue pale pale, kilimani Kampala. Wakamwua kifo cha polepole: walimkata mikono na miguu, wakamwacha peke yake juani. Alikaa hivi hata tarehe 30 Mei, ndipo Mungu alipompokea. Luka alifia Namugongo tarehe 3 Juni, siku moja na Karoli Lwanga na wenzake.

Tarehe 31 Mei wavamizi walifika Mityana. Wakamwua Noa Mawagali, wakapora mali ya Wakristu, wakachukua mateka. Dada yake Noa, msichana aitwaye Munaku, alijitokeza mwenyewe mikononi mwao, akitaka kufa kama kaka yake. Hawakumwua, ila walimfanya mtumwa, wakamsumbua ili aiache dini na kuolewa na mkubwa wao. Alikataa kabisa, mpaka Padre Lourdel akamkomboa. Akabatizwa Matilda, akaishi maisha yake yote bila kuolewa, akiwafundisha wengine dini ile ile aliyojifunza Mityana.

MAFUNDISHO KWA WAZAZI

Ndugu wapenzi, hapa tuwe wakweli. Matias alisali kila siku kwa ajili ya nyumba yake, na nyumba yake iliporwa. Alimtumaini Mungu, na hakuokolewa na kisu. Wako wazazi wadhanio ya kuwa sala ni kama biashara ya sokoni: nikisali kiasi hiki, mtoto wangu atafaulu mtihani, hataugua, hatapotea. Wasipoyaona hayo huvunjika moyo, wakaacha kusali. Matias hakusali hivyo. Alisali kama mwana asemaye na baba yake, na alipofika mahali ambapo mkono wake haukuweza tena kuwalinda watoto wake, aliwaacha katika mkono ulio mrefu kuliko wake. Huko ndiko kutumaini.

Wala Mungu hakuyasahau machozi ya Mityana. Kundi lile halikufa. Leo Mityana ni makao ya askofu, maana jimbo la Kiyinda-Mityana lilianzishwa mwaka 1981. Matias mwenyewe alitangazwa mwenye heri tarehe 6 Juni 1920, na tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu huko Roma, pamoja na wenzake 21. Kila mwaka mahujaji huenda Namugongo kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni, na kati yao wamo Watanzania wengi.

Na sisi tukaao Kinondoni, Temeke na mitaa ya pembeni ya mji huu, tuna nini cha kujifunza? Sisi hatukosi padre kwa miaka mitatu. Lakini watoto wetu wengi hukosa baba na mama kwa juma zima. Baba huondoka kabla ya mapambazuko kwenda kazini au Kariakoo, hurudi usiku watoto wamekwisha lala. Mama naye yumo katika biashara yake. Hapo mtoto hulelewa na mtaa, na mtaa hauna katekisimu. Wazazi husema mafundisho ni kazi ya katekista. Mimi niliye katekista nasema wazi: saa moja ya mafundisho kwa juma haiwezi kuushinda mfano wa siku sita za nyumbani. Mtoto akinisikia nikifundisha Baba Yetu, kisha asimwone baba yake hata siku moja amepiga magoti, atadhani sala ni kazi ya watoto tu, itakayokwisha akipata Kipaimara.

Basi tuanze na dogo. Kila jioni, kabla ya kula au kabla ya kulala, watu wa nyumba wakusanyike, hata kama ni chumba kimoja cha kupanga. Baba aongoze, asipokuwapo, mama, wasipokuwapo wote wawili, mtoto mkubwa aliyefundishwa. Wasali Baba Yetu na Salamu Maria, wamtaje aliye mgonjwa, wamtaje asiye na kazi, wamtaje jirani waliyegombana naye. Ni kazi ya dakika chache. Wazazi walio peke yao, wajane, na bibi waleao wajukuu wasidhani nyumba yao ni pungufu mbele ya Mungu. Matias mwenyewe alilelewa na mtu asiyemzaa, na usia wa mlezi yule ndio uliomfikisha kwenye ubatizo.

Na mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kupotea, asikate tamaa wala asiache kumtaja jina lake katika sala. Magato alikufa asione lolote katika yale aliyoyatumaini. Mwanawe akayaona baada ya miaka mingi.

Mtakatifu Matias Mulumba, uliyekuwa mume na baba kama sisi, utuombee sisi wazazi wa jimbo hili, ili taa ya sala isizimike katika nyumba zetu.