Thomas Holloway, Tajiri wa Vidonge

Thomas Holloway alizaliwa mwaka 1800 huko Devonport, Uingereza. Hakusomea utabibu hata kidogo. Alikuwa wakala wa biashara mjini London alipokutana na Mwitaliano mmoja, Felix Albinolo, mwuza marhamu. Mnamo 1837 Holloway naye akatoa marhamu yake, kisha vidonge, akivitangaza magazetini kuwa vyaponya pumu, homa, jongo na maradhi mengine chungu nzima.

Gharama za matangazo zilimtia katika madeni hata akafungwa. Alipotoka gerezani hakupunguza kutangaza, bali alizidisha. Mwaka 1842 alitumia pauni 5,000 kwa kazi hiyo. Kufikia 1883 zilikuwa zapata 50,000 kwa mwaka.

Na ndani ya vidonge mlikuwa na nini? Wakemia walipovichunguza baadaye walikuta shubiri, tangawizi na sabuni. Shubiri huendesha tumbo. Basi mnunuzi aliyeharisha aliamini kuwa dawa imefanya kazi. Mwenye kifua kikuu alizidi kudhoofika huku akimaliza senti zake, na sheria ya wakati ule haikumlazimu mwuzaji kutaja alichochanganya.

Mkewe Jane, aliyemsaidia tangu mwanzo, alifariki mwaka 1875. Kwa kumkumbuka, Holloway aliamua kujenga chuo cha wanawake huko Egham, wakati ambapo vyuo vikuu vingi viliwafungia wanawake milango. Fedha za wagonjwa zikawa matofali. Yeye alifariki Desemba 1883, naye Malkia Victoria akakifungua chuo hicho mwaka 1886.