Joseph Manton: Fundi Aliyesifiwa Asilitie Tembo Maji

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndugu wasomaji, nyote mliowahi kukaa kwenye madawati ya shule yetu mnaifahamu methali hiyo, maana ni nani kati yetu ambaye hakuandikishwa insha juu yake? Katika toleo hili la mkutano wetu nimeona niwaletee habari za fundi mmoja wa Uingereza aliyesifiwa na wakubwa na wadogo kwa zaidi ya miaka thelathini, naye hakulitia maji tembo lake hata siku moja. Fundi huyo alikufa fukara. Hata hivyo, kazi yake ingali hai mpaka leo, na jinsi mambo hayo mawili yalivyotokea kwa mtu mmoja ndilo fumbo ninalotaka tulifumbue pamoja.

Kwanza niseme nilikomjulia. Kazi yangu ya utumishi wa serikali iliwahi kunipeleka wilaya moja ya bara, wakati wananchi walipokuwa wakileta silaha zao kukaguliwa. Magobori yalikuja mengi, mengine yamefungwa kwa waya. Kisha akaja mzee mmoja na bunduki ya marisau ya mitutu miwili, kazi ya London, aliyorithi kwa baba yake. Ilikuwa kuukuu, rangi imekwisha kuchujuka. Lakini nilipopitisha ukucha pale chuma kilipokutana na mti, ukucha haukupata pa kuingia. Nilipoinua bunduki ile begani ilikaa yenyewe, kana kwamba ilikuwa ikinisubiri. Mimi si mwindaji, ila tangu siku hiyo nilitaka kujua ni nani aliyewafundisha watu kutengeneza kitu namna ile. Nilipotafuta vitabuni, kila njia ilinirudisha kwa mtu mmoja: Joseph Manton.

Manton alizaliwa mwaka 1766 katika mji mdogo wa Grantham, mashariki ya Uingereza. Alianza uanagenzi wa ufundi bunduki hapo hapo nyumbani, kisha akamfuata London kaka yake, John, ambaye mwaka 1781 alikuwa amefungua duka lake mtaa wa Dover. John alikuwa fundi hodari na mwenye mahesabu yaliyonyooka. Joseph alijifunza kwake mpaka mwishoni mwa miaka ya 1780, akaondoka kwenda kujitegemea. Duka lake la mtaa wa Davies likawa mahali pa kukutana watu wenye majina. Mshairi mashuhuri Lord Byron alikuwa akifika hapo kujipima kwa kulenga shabaha.

Ili tuelewe alichokifanya, hatuna budi kujua bunduki ya wakati huo ilivyokuwa. Baruti na marisau vilishindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni mwa mtutu. Ukifyatua, jiwe la gumegume lilipiga chuma, cheche ikaangukia baruti kidogo iliyowekwa katika kisahani pembeni, na moto ukapenya tundu dogo kuingia ndani. Mvua ikinyesha, baruti ya kisahani ililowa. Baruti nayo iliwaka polepole, ndiyo maana mitutu ya zamani ilikuwa mirefu mno. Mwaka 1787 fundi mwingine wa London, Henry Nock, alipata njia ya kufanya baruti iwake upesi zaidi. Kwa ajili hiyo mitutu iliweza kufupishwa, na mitutu mifupi iliweza kuunganishwa miwili pamoja bila kumchosha mbebaji.

Hapo ndipo Manton alipoingia. Wengine waliridhika kwamba sasa mitutu miwili inawezekana, lakini yeye alijiuliza bunduki hiyo inapaswa kuwaje. Alitengeneza kisahani kisichoingiza maji kwa urahisi. Tundu la moto alilitia platini ili lisiliwe na baruti. Mwaka 1806 alipata hati ya haki ya uvumbuzi kwa ubapa wa chuma alioulaza juu, kati ya mitutu miwili. Ubapa huo uliinuka kidogo, ukaifanya bunduki ipige juu kidogo ya pale jicho lilipolenga. Sababu yake ni kwamba kwale akiruka hupanda, na mwindaji aliyemlenga sawasawa humkosa kwa chini. Manton aliiweka hesabu hiyo ndani ya chuma chenyewe, ili mwindaji asihitaji kuipiga kichwani.

Mitutu ilitengenezwa kwa vyuma vikuukuu vya misumari ya kwato za farasi. Misumari hiyo ilikuwa imefuliwa na kupigwa mara nyingi hata chuma chake kikawa laini na kigumu kukatika. Iliunganishwa pamoja kwa moto, ikafuliwa kuwa utepe mrefu, na utepe ule ukazungushwa kama kamba kwenye fimbo ya chuma na kufuliwa tena hadi ukawa bomba. Baada ya hapo mafundi walikaa na tupa siku nyingi, wakipunguza unene kidogo kidogo, maana mtutu mzito humchosha mtu na mwembamba kupita kiasi humuua.

Mti wa kitako ulikuwa mjozi, uliochaguliwa kwa mishipa yake. Fundi alikipaka chuma masizi ya taa, akakikandamiza kwenye mti, kisha akakiondoa. Mahali palipobaki weusi ndipo palipogusa, naye alipakwangua kwa patasi kiasi cha unyoya. Akarudia. Akarudia tena, mara kumi, mara hamsini, mpaka weusi ukaenea pote sawasawa. Ndugu zangu, hiyo ndiyo siri ya ukucha wangu kukosa pa kuingia. Hakuna dawa wala uchawi, ni masizi na subira tu.

Nakshi za Manton zilikuwa chache. Uzuri wa bunduki yake ulitokana na mistari yake: shingo nyembamba ya kushikia, mitambo iliyolala ubavuni bila kujitutumua, uzito uliokaa kati ya mikono miwili. Bunduki nyingi za kifahari za kabla yake zilijaa fedha na madoido. Yeye aliwafundisha wanunuzi matajiri kupenda kitu kisichopiga kelele, na umbo alilolikamilisha ndilo linaloonekana hata sasa katika bunduki bora za Kiingereza.

Hapa nisiwafiche jambo. Bunduki hizi zilikuwa za mabwana. Mpaka mwaka 1831 sheria ya Uingereza ilimruhusu kuwinda ndege kama kwale yule tu mwenye ardhi ya kumpa kipato kisichopungua pauni 100 kwa mwaka, pamoja na wachache wengine wa daraja la juu. Fundi aliyekwangua kitako kwa majuma mazima hakuwa na ruhusa ya kumpiga kwale mmoja kwa bunduki aliyoitengeneza mwenyewe. Wazee wetu, walioziona sheria za uwindaji za wakoloni, wangelielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Sasa tuje kwenye anguko lake. Huko Uskochi alikuwako kasisi mmoja, Alexander Forsyth, mpenzi wa kuwinda ndege. Aliona kwamba mwako wa kisahani huwashtua ndege kabla marisau hayajafika. Akavumbua njia ya kuwasha baruti kwa dawa inayolipuka ikigongwa, na mwaka 1807 akapewa haki ya uvumbuzi. Manton alitambua mara moja kwamba enzi ya gumegume inakwisha. Mwaka 1816 akatoa mtambo wake mwenyewe uliotumia dawa ya kugongwa. Forsyth alimshitaki, na mahakama ikampa haki Forsyth. Manton hakukata tamaa, akaja na mtambo mwingine mwaka 1818. Lakini kesi hula fedha, na yeye alikuwa tayari ametumia fedha nyingi kwa uvumbuzi wa makombora ya mizinga, ambao yeye na wakuu wa silaha wa serikali hawakuafikiana juu ya malipo yake. Mimi nikiwa mtu wa mafaili, sehemu hiyo huisoma nikijikuna kichwa.

Pamoja na hayo yote aliendelea kutengeneza bunduki kwa kiwango kile kile. Alihamia maduka makubwa zaidi, hatimaye mtaa wa Oxford. Kazi iliyomridhisha kila mtu isipomridhisha yeye haikutoka. Mwaka 1826 alifilisika. Alionja jela ya wadaiwa, akajaribu kuanza upya pamoja na wanawe, lakini wateja walikuwa wamekwisha kwenda kwingine. Alifariki mwaka 1835 akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa makaburi ya Kensal Green, London. Maneno ya kaburini mwake yaliandikwa na Kanali Peter Hawker, askari aliyejeruhiwa vitani Hispania mwaka 1809, ambaye alikuwa mteja wake na rafiki asiyemkimbia. Kaka yake John alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, duka lake likiwa imara na jina lake bila deni.

Wahenga walisema pia chanda chema huvikwa pete. Mbona hiki hakikuvikwa?

Tuwatazame basi waliokaa kwenye meza za karakana yake. James Purdey aliingia kwa Manton mwaka 1805 akiwa kijana, akafanya kazi ya vitako mpaka mwaka 1808, na mwaka 1814 akafungua duka lake. Mwaka 1826, bwana wake wa zamani alipofilisika, Purdey alihamia katika jengo lile lile la mtaa wa Oxford ambalo Manton alilipoteza. Thomas Boss alikuwa mtoto wa fundi wa Manton, naye akapita katika karakana hiyo kabla ya kuanzisha jina lake. Charles Lancaster, aliyekuwa akimtengenezea Manton mitutu, na William Moore, fundi wake wa vitako, nao walikuja kuwa na maduka yao. Mpaka leo Purdey na Boss ni majina yanayotajwa kwanza watu wanapozungumzia bunduki bora za London. Bunduki moja bado huchukua mamia ya saa za mikono ya watu, na masizi bado hupakwa. Inasimuliwa kwamba Purdey mwenyewe, alipokwisha kuwa tajiri na mashuhuri, alikiri kuwa pasipo Manton wao wote wangebaki wafua vyuma wa kawaida.

Hata lugha yetu imebeba alama ya mageuzi aliyoyapigania. Katika karne ya 19 bunduki nyingi mno ziliingizwa Afrika Mashariki kupitia Unguja, nyingi zikiwa zile za kizamani ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yakizitupa. Zilikuwa duni, na wengi wetu tunajua maovu yaliyotendwa kwazo katika biashara ya pembe na ya watu. Watu wa pwani waliziita ya cheche gumegume, kwa jina la jiwe lake, na kile kidonge cha kugongwa wakakiita fataki. Kijana anayelipua fataki sikukuu ya mwaka mpya hutamka, bila kujua, neno lililowahi kuitwa kidonge hicho cha bunduki.

Nimefikiri sana juu ya maisha ya mtu huyu. Ziko njia mbili rahisi za kuyaeleza, na zote mbili nazikataa. Ya kwanza ni kusema alikuwa mjinga, angepunguza siku chache za tupa na masizi akaokoa duka lake. Lakini angefanya hivyo, Purdey na wenzake wangejifunza nini? Ya pili ni kusema fedha si kitu. Fedha ni kitu. John aliijua kazi na aliijua daftari, na mafundi wake hawakuamka asubuhi moja wakakuta mlango umefungwa. Mwenye kipaji akiidharau daftari huwaponza na wengine.

Ninaloliamini ni hili. Karakana ya Joseph Manton ilikuwa shule. Shule haipimwi kwa mali aliyoiacha mwalimu wake, hupimwa kwa mikono iliyotoka humo. Sisi wa zamani tunawajua walimu waliostaafu na baiskeli moja, na wanafunzi wao leo ni madaktari na majaji. Tulipokuwa hapa, mimi nilikuwa nikitoroka kipindi cha ufundi kwenda kujisomea historia, nikidhani patasi ni ya wale wasioweza mitihani. Nasema wazi kwamba nilikosea, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani msinifuate katika hilo.

Yule mzee wa wilayani niliipitisha bunduki yake. Nilipomrudishia, aliipangusa kwa kitambaa, akaikunja ndani ya gunia safi, akaaga. Aliyeikwangua mti ule kwa masizi alikuwa amekwisha kuwa mavumbi muda mrefu, na jina lake halikuandikwa popote. Lakini alikuwa amefundishwa na mtu, aliyefundishwa na mtu, naye huyo alimjua Manton.